Leyas mash si ya kila kuku

Mhariri,

Hapa Kisumu wengi tunafuga kuku nyuma ya nyumba, wanaotaga, wa kati na vifaranga wote banda moja, halafu mtu anaenda agroveti ananunua leyas mash, chakula cha kuku wanaotaga, anawamwagia wote. Jamani hapana! Hiyo ina kalsiamu karibu asilimia 4 na kifaranga anataka kama 1 tu, ya ziada inamharibu figo. Afadhali wote wale chakula cha vifaranga kisichotiwa dawa, na wanaotaga muwawekee maganda ya mayai yaliyokaushwa na kusagwa kwa sahani ya pembeni, watadonoa wenyewe kadiri wanavyohitaji. Na nyinyi wenye maduka, tafadhali muulizeni mteja kuku wake wana umri gani kabla hamjampimia.

Mfugaji,
Nyalenda, Kisumu