Barua ya wazi kwa mtoto wa kaka yangu aliyenunua mashine ya kutafutia mali ya Mjerumani

Kamwene, mwanangu.

Sauti uliyonitumia WhatsApp nimeisikiliza mpaka mwisho, pamoja na kelele zote za bajaji za huko kwenu Dar. Umenunua mashine ya kutafutia vyuma ardhini, umepata "ramani" kwa mtu wa Makambako, na mwezi wa tisa unapanda huku na wenzako mchimbe Lugalo, halafu muendelee Njombe hadi Lupembe. Unaomba pa kulala, na mzee wa kuwaonyesha mahali. Nakujibu hadharani kwa sababu si wewe peke yako. Nyanda zetu hizi zimejaa vijana wenye sururu na ramani za kuchorwa kwa kalamu ya wino, na wengi wana shangazi wa kuwaambia haya ila shangazi wenyewe wanaona aibu.

Pa kulala papo. Mzee wa kukuonyesha mahali hayupo, na hata angekuwepo nisingekupeleka kwake.

Tuanze na hiyo mali. Hadithi ya dhahabu ya Mjerumani, kwamba aliifukia alipokuwa akikimbia vita, ina chembe ya ukweli, ndiyo maana haifi. Mwaka 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani waliokuwa wakitutawala walikuwa wamefungiwa bahari na manowari za Waingereza, pesa zimewaishia, wakagonga sarafu zao wenyewe Tabora. Zilikuwepo za shaba, na ilikuwepo ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, dhahabu yake ikitoka mgodi wa Sekenke. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaiteka Tabora, na jeshi la Jenerali Kurt Wahle likashika njia ya kuja huku kwetu. Hapo ndipo msimuliaji mwenye njaa anapoongeza sanduku la chuma, mti wa mkuyu na mpagazi aliyeuawa ili asiseme.

Sasa angalia yaliyolikuta jeshi hilo. Iringa walikuta imeshakamatwa na Waingereza tangu Agosti. Wakapigana kuizunguka, wakapigana Lupembe, na Novemba kikosi chao kimoja kikasalimu amri Ilembula pamoja na mzinga wake. Hawa ni watu waliokuwa wakiishi kwa mahindi ya kunyang'anya vijijini. Kila mzigo wao ulikaa kichwani mwa mtu, na mtu huyo alikuwa anakufa kwa njaa na kuhara damu. Ukiwa na wapagazi wachache hivyo, unabebesha risasi, chakula na kwinini. Dhahabu hailiwi wala haipigi.

Kuhusu huyo wa Makambako nakutabiria bila ramli: ukishachimba mkakosa, atasema mali ina mlinzi, na mlinzi anataka mbuzi mweusi na fundi wa uganga kutoka Sumbawanga, na fundi anataka nauli. Ni ukoo uleule wa wanaonunua cherehani za zamani wakitafuta mekyuri. Mpe pole, funga simu.

Nilipokuelewa kidogo ni pale uliposema kwamba hata dhahabu ikikosekana utaokota maganda ya risasi, vifungo vya makoti, ncha za mikuki, "vitu vya historia". Hapo tuna la kuzungumza.

Lugalo unaijua kwa kambi na hospitali ya jeshi huko kwenu. Lugalo yenyewe iko kandokando ya barabara kuu. Ukitokea Dar unapita Ilula kwanza, halafu mnara huo hapo, na basi halisimami. Tarehe 17 Agosti 1891 msafara wa Emil von Zelewski, kamanda wa Wajerumani, yule ambaye watu walimwita Nyundo, ulipita pale ukiwa umenyooka katika njia ya mtu mmoja mmoja, mizinga na bombomu (bunduki za rashasha) zikiwa bado mgongoni mwa punda. Wahehe walikuwa wamelala majanini, Mpangile, mdogo wake mtawala wao Mkwawa, akiwaongoza. Mambo yalikwisha kwa dakika chache. Wazungu kumi walikufa, Zelewski mwenyewe akiwemo, na mamia ya askari na wapagazi Waafrika. Mnara unaouona ulijengwa na Wajerumani kwa ajili ya wafu wao, na maandishi yake ni ya Kijerumani.

Wahehe hawakuacha bunduki porini wakusubiri wewe. Ziliokotwa palepale, kama 300 hivi, pamoja na mizinga. Kilichobaki ardhini ni vitu vidogo visivyo na bei: ganda hapa, kipande cha buckle pale. Lakini vitu hivyo vidogo vikiwa vimelala mahali pake vinasema neno ambalo hakuna aliyeliandika, kwa sababu maelezo mengi tuliyonayo yameandikwa na upande mmoja tu.

Nikupe mfano wa mbali. Marekani kuna uwanja wa vita unaitwa Little Bighorn, jimbo la Montana, ambako mwaka 1876 Walakota na Wacheyenne walimmaliza Custer, afisa wa jeshi la Marekani, na watu wake. Mwaka 1983 moto ukaunguza majani ya uwanja huo. Miaka miwili iliyofuata wanaakiolojia wakaingia na mashine kama hiyo yako, wakatembea kwa mstari, na kila mashine ilipolia wakachomeka kibendera. Hawakung'oa kitu kabla hakijapimwa na kuchorwa kwenye ramani. Kisha wakayatazama maganda chini ya darubini. Pini ya bunduki inapogonga risasi inaacha alama yake, na alama za bunduki mbili hazifanani. Kwa hiyo ganda lililookotwa huku na ganda lililookotwa kule bondeni wakaweza kusema yametoka katika bunduki moja; kumbe mtu yule alitoka hapa akakimbilia pale. Mengi waliyoyapata yakaafikiana na simulizi za wazee wa Wahindi Wekundu zilizopuuzwa karibu karne nzima.

Fikiria kama ingefanyika hivyo Lugalo, na masimulizi ya wazee wetu yakawekwa kando ya ramani ya namna hiyo. Kila ganda unaloliweka mfukoni bila kuandika lilikuwa wapi linapunguza uwezekano huo. Mezani kwako Kinondoni litakuwa shaba ya kupima kilo.

Na sisi watu wa hapa tunajua kuliko wengi kitu kuondolewa mahali pake. Mkwawa alijipiga risasi Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe. Mjerumani akamkata kichwa, kikasafirishwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919, ule uliomaliza vita vya dunia nzima, uliweka kifungu cha 246 kikiagiza fuvu hilo lirudishwe, na bado lilikaa makumbusho ya Bremen mpaka Gavana Twining alipolileta Kalenga tarehe 19 Juni 1954. Kiwiliwili kiko Mlambalasi, fuvu liko Kalenga ndani ya kabati la kioo. Yule aliyelichukua naye aliliona ukumbusho wa vita.

Sheria, nikutajie haraka: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hairuhusu kuchimba kutafuta malikale bila leseni, na mtendaji wa kijiji akikukuta na sururu hatakuuliza nia yako. Pia kuna hili la kulipuka. Mwaka 2014 wajenzi wawili walikufa Ypres, Ubelgiji, kwa kombora la Vita vya Kwanza, miaka mia baadaye. Mizinga ilipigwa huku kwetu pia. Mashine yako haijui kutofautisha jembe na kombora.

Basi, uje na simu tu. Nitakueleza kazi ninayoifanya mimi tangu nilipostaafu kufundisha jiografia, ambayo kaka zangu wanaiita "kazi ya kupoteza viatu".

Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt imeweka mtandaoni makumi ya maelfu ya picha za makoloni ya Ujerumani, na yeyote anaweza kuzitazama. Nyingi ni za kwetu. Mimi nachagua moja, naichapisha stationery, kisha natafuta mpigapicha alisimama wapi, nasimama palepale, napiga upya. Majengo huanguka na miti hukatwa, ila milima haihami, na mawe ya Iringa, wewe mwenyewe unayajua, hayasogezwi na mtu.

Namna yake ni hii. Tafuta kwenye picha vitu viwili vinavyogusana, kimoja cha karibu, kimoja cha mbali: ncha ya jabali na kilele kilicho nyuma yake. Ukisogea kushoto, jabali linakimbilia kulia ya kilele. Ukisogea kulia, linarudi. Tembea mpaka vigusane kama kwenye karatasi. Sasa uko kwenye mstari, ila hujui uko mbele mno au nyuma mno. Tafuta jozi nyingine pembeni, fanya hivyohivyo, na mistari miwili inapokutana ndipo ilipokaa miguu mitatu ya kamera. Chuchumaa kidogo, maana kamera nyingi za wakati ule zilikaa usawa wa kifua. Kisha soma vivuli. Huku kwetu jua la saa sita la Juni liko kaskazini, kivuli kinaangukia kusini. Desemba ni kinyume chake. Picha isiyo na tarehe inakwambia yenyewe ilipigwa karibu na Juni au karibu na Desemba.

Shida kubwa siku hizi ni miti. Mufindi na Njombe unaweza kusimama penyewe hasa usione kitu, umezungukwa na misindano, mikaratusi na miwati ambayo mpigapicha hakuwahi kuiota. Njia ya kwenda Kalenga kuna nafuu, ila utapita kwenye vinyungu (bustani za mabondeni) vya watu, kwa hiyo salimia kwanza, eleza, onyesha picha. Mama mmoja aliichukua karatasi mkononi mwangu, akaigeuza, akasema jabali hilo tunaanikia mahindi, akanipeleka. Ufa ninaouona kwenye picha ulikuwepo, wa mshazari, na kijimti kimeota ndani yake.

Tahadhari na majina yaliyoandikwa chini ya picha. "Iringa" ya miaka ya 1890 yaweza kuwa Kalenga, ngome ya Mkwawa iliyobomolewa na Gavana wa Kijerumani von Schele tarehe 30 Oktoba 1894. Mji huu tunaouita Iringa ulianzishwa na Wajerumani baadaye. "Langenburg" ni ufukweni mwa Ziwa Nyasa, lakini "Neu-Langenburg" ni Tukuyu. "Ubena" ni upande wa Njombe, ambako Oktoba 1918 von Lettow-Vorbeck, kamanda mkuu wa Wajerumani, alimwacha Wahle akiwa mgonjwa, mwezi mmoja kabla ya kusalimu amri Abercorn (leo Mbala, Zambia). Na ukiuziwa picha ya "Mbeya mjini, 1905", mrudishie mwenyewe. Mbeya imeanza 1927, kwa ajili ya dhahabu ya Lupa.

Jambo jingine utaliona baada ya picha chache. Maandishi ya chini yanamtaja afisa, wakati mwingine hata mbwa wake. Wale arobaini walioketi na mizigo wanaitwa "wapagazi". Picha ya lile jabali ina mwanamke pembeni kabisa, nusu amekatwa na ukingo, ana mtungi kichwani na anamtazama mpigapicha moja kwa moja kwa uso wa mtu anayecheleweshwa. Nimemtafuta jina na sijalipata popote. Ukienda makaburi ya vita hapa Iringa mjini utakuta mawe yaliyopangwa vizuri, Waingereza na Wajerumani, nyasi zimekatwa. Makumi ya maelfu ya wapagazi waliokufa katika vita vile Afrika Mashariki hawana jiwe wala jina. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri na kuomba radhi mwaka 2021. Kwa hao mashine yako haitalia, mwanangu. Hawakuwa na chuma.

Kwa hiyo nakupa kazi kabla hujapanda basi. Baba yako ana sanduku la bati chini ya kitanda, na humo mna picha ya babu yako Kalenga siku ile ya 1954, amesimama katikati ya umati na koti la kuazima. Usiibandue kwenye albamu kwa nguvu. Gundi ya zamani inaondoka na uso wa mtu. Ipige na simu mchana, kivulini, bila flashi, kisha inyanyue taratibu kona moja upige na mgongo wake, maana babu aliandika majina ya aliosimama nao. Nitumie kama faili, si kama picha, WhatsApp isiibane. Nyuma ya umati mna ukingo wa paa na mlima. Nikiuona vizuri, mpigapicha nitampata.

Hiyo mashine, kama dukani wanarudisha, rudisha. Ukikatwa kidogo nitakufidia kwenye nauli. Njoo na viatu vya kufunga na sweta, usije na zile ndala zako za Kariakoo.

Shangazi yako,
Iringa