Tuta la mboga lifuate maji, si mazoea

Mhariri,

Kurasa za kilimo magazetini hurudia agizo lile lile kila msimu: inua tuta sentimita 30, weka samadi, panda. Wakati wa mvua nyingi agizo hilo halina ubaya. Kiangazi ni hasara, kwa sababu tuta lililoinuliwa hukauka kwa juu na kwa ubavu pia, na anayemwagilia kwa ndoo hawezi kulishibisha. Kabla ya kushika jembe, mkulima ajiulize kwanza: hapa, msimu huu, maji yatazidi au yatapungua?

Shimo moja litamjibu. Chimba sentimita 30 kwenda chini, jaza maji, yaache yazame, kisha jaza tena jioni. Yakiwa bado yamesimama asubuhi, udongo huo ni mzito na mizizi itakosa hewa mvua zikikolea. Hapo inua tuta sentimita 20 hadi 30. Yakizama ndani ya dakika chache, ni kichanga, na hata msimu wa mvua sentimita 10 zinatosha. Kiangazi, fanya kinyume: chimba tuta lizame sentimita 10 hadi 15 chini ya njia, na udongo unaotoka uwe kingo za kuzunguka. Kila tone utakalomwaga litabaki kwenye mizizi. Acha tu sehemu moja ya kingo inayoweza kufunguliwa kwa jembe, maana mvua moja isiyotarajiwa hugeuza tuta la kuzama kuwa kidimbwi, na miche ya nyanya ikilala majini siku mbili tatu huanza kuwa ya manjano.

Upana usizidi mita 1, au mita 1 na sentimita 20 kwa mwenye mikono mirefu, ili katikati pafikiwe kutoka upande wowote bila kukanyaga. Njia ziwe za sentimita 40 hadi 50. Urefu ni hiari, ila mita 10 hurahisisha hesabu. Kwenye mteremko tuta lilale kukingama mteremko. Likielekea bondeni, mvua ya kwanza itabeba samadi yote. Na likishatengenezwa, libaki hapo hapo miaka nenda rudi. Kubomoa matuta na kuyahamishia kwenye njia kila msimu ni kupanda mboga kwenye udongo ulioshindiliwa na miguu yako mwenyewe.

Siku ya kulima ichaguliwe na udongo. Kamata konzi moja, ifinye, kisha ichome kwa kidole. Ikimeguka, lima. Ikibonyea na kung'aa kama mfinyanzi, subiri siku mbili au tatu, kwa sababu udongo mzito ukilimwa mbichi hufanya mabonge ambayo jua huyageuza matofali, na reki haiyawezi. Chini ya sentimita 15 hadi 20 mara nyingi kuna tabaka gumu lililotengenezwa na jembe lenyewe, kwa kuishia kina kile kile mwaka baada ya mwaka. Sogeza udongo wa juu kando, pasua tabaka hilo kwa jembe la uma au sururu bila kuligeuza, kisha rudisha udongo wa juu mahali pake. Wanaoleta udongo mwekundu wa chini juu hushangaa mchicha unapodumaa, ilhali wameizika rutuba yao.

Sasa samadi, ambako makosa ni mengi zaidi. Kwa tuta la mita 10 kwa 1, madebe 10 hadi 12 ya samadi ya ng'ombe au mboji iliyoiva hufanya tabaka la sentimita 2 hivi, nayo ichanganywe na sentimita 15 za juu. Ya kuku ni kali. Tumia nusu yake au pungufu. Samadi iliyoiva huitambui kwa umri wa biwi. Ingiza mkono katikati: haina joto, haichomi pua, na huwezi kutofautisha majani na kinyesi. Ile mbichi huunguza mizizi michanga, huleta mbegu za magugu zilizopita tumboni mwa mnyama bila kufa, na karoti zikikutana nayo huota pembe mbili tatu. Kwa mboga zinazoliwa mbichi na kugusa udongo, kama saladi na karoti, kipite kipindi cha siku 120 tangu kuweka samadi mbichi hadi kuvuna. Takataka za mbao zisichanganywe na udongo kabisa zikiwa mbichi. Vijidudu vinavyozivunja hula naitrojeni ya udongo kwanza, na mboga hubaki na njano ambayo wengi huitibu kwa dawa ya ugonjwa. Zitandaze njiani. Na kama ng'ombe wamelishwa nyasi za malisho yaliyopuliziwa kiua magugu, otesha kwanza maharage machache kwenye kopo lenye samadi hiyo. Majani yakijikunja kama kikombe, usiiingize bustanini.

Tuta likikamilika, usipande. Hapa ndipo subira huwashinda wengi. Lisawazishe kwa reki, limwagilie kana kwamba limeshapandwa, liache siku 10 hadi 14. Magugu yataota kwa wingi. Yaparue siku ya jua kali, kwa kina cha sentimita 2 tu, ili usiamshe mbegu zilizolala chini zaidi. Palizi ya kwanza utakuwa umeimaliza kabla mboga haijaingia. Ndago haidanganyiki kwa njia hii: vinundu vyake vifukuliwe kwa uma na kuokotwa kimoja kimoja, kwa sababu ukivikatakata kwa jembe unaviongeza. Kuyaparua magugu yaliyoota huwapunguza sota pia, wadudu wanaokata miche usiku usawa wa udongo, kwani tuta lisilo na jani haliwalishi. Ukikuta mche umekatwa asubuhi, fukua kando yake sentimita 3 hadi 5. Mara nyingi sota utamkuta amejikunja hapo hapo. Miche iliyobaki ivishwe mkanda wa karatasi ngumu kuzunguka shina, sentimita 2 ndani ya udongo na 3 juu.

Kitaluni, kina cha mbegu ni mara mbili hadi tatu ya unene wake: mbegu ya kabichi au nyanya sentimita 1, si zaidi. Mistari iachane sentimita 10 hadi 15. Nyasi kavu za kufunika ziondolewe siku ile ile miche ya kwanza inapochungulia, la sivyo inarefuka na kuwa mieupe. Miche inayolala chini huku shina limenyongeka usawa wa udongo ina kinyausi. Dawa wanayoikimbilia wengi haiwezi kuifufua. Punguza maji, mwagilia asubuhi badala ya jioni, punguza msongamano na kivuli. Kuanzia siku 7 hadi 10 kabla ya kuhamisha, punguza maji na kivuli kidogo kidogo ili miche ikomae.

Mche mzuri una majani halisi 4 hadi 6. Huo mrefu wenye maua tayari, ambao mnunuzi huuona bora, umeshachoka. Mwagilia kitalu saa chache kabla, ng'oa na udongo wake, panda jioni au siku ya mawingu. Mzizi mkuu ushuke wima; ukipinda kwenda juu, mche huishi lakini hudumaa, nawe hutajua kwa nini. Nyanya inaweza kuzikwa hadi karibu na majani ya chini, kwa kuwa shina lake hutoa mizizi. Saladi ikizikwa moyo inaoza.

Kwenye tuta la mita 1, kabichi ikae mistari miwili yenye sentimita 50 kati yake, mche na mche sentimita 45, huku mistari ikipishana kama meno ya zipu. Hiyo ni miche 44 kwa tuta la mita 10. Ukiibana ifike 80 utavuna vichwa vya ukubwa wa ngumi. Nyanya zinazohitaji vijiti vya kuegemea, sentimita 60 kwa 50. Pilipili hoho 45 kwa 45, vitunguu 15 kwa 10. Karoti hazihamishwi: changanya mbegu na mchanga mkavu, sia kwenye vifereji vya sentimita 1 vilivyoachana 25, funika na gunia lenye unyevu, na punguza miche ibaki sentimita 5 hadi 7. Huchukua hadi wiki mbili au zaidi kuota, na udongo wa juu ukikauka siku moja tu katikati ya muda huo, mstari mzima unaweza kupotea. Lawama huangukia mbegu.

Tuta lililotoka nyanya lisirudi nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo kwa misimu mitatu angalau. Mmea ukinyauka ghafla ukiwa bado kijani, kata kipande cha shina la chini na ukining'inize kwenye glasi ya maji safi. Uzi mweupe kama maziwa ukishuka, ni mnyauko bakteria. Ng'oa, choma, na zuia maji ya tuta hilo yasipite kwenda mengine, maana ugonjwa huo husafiri na maji ya njiani na udongo wa kwenye jembe.

Nimalizie na hesabu ambayo ingepaswa kuja kabla ya yote. Kiangazi mboga iliyofunga tuta hutumia kama lita 4 hadi 6 kwa mita moja ya mraba kwa siku, yaani lita 40 hadi 60 kwa tuta la mita 10. Ni madebe mawili hadi matatu. Matuta 10 ni madebe 20 hadi 30, kila siku, mpaka mvua irudi au uvune. Matandazo ya nyasi kavu ya sentimita 5 yatapunguza safari hizo, lakini hayatazifuta. Mwenye uwezo wa kuchota madebe 12 kwa siku alime matuta manne. Na akishamwagilia, achimbe kwa kidole: palipolowa juu tu na pakavu sentimita 5 chini, afadhali anyweshe tuta moja vizuri leo na jingine kesho kuliko kulainisha vumbi kwenye yote.

Ni mimi,
Mkulima wa bustani