"Kuona" peke yake hakutoshi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kitenzi cha Kiingereza cha kale, "behold", ambacho wanafunzi wengi hapa Mbeya hukifasiri kuwa "ona" wakaendelea na swali linalofuata. Fasiri hiyo si kosa, ila ni nyembamba mno. Kitenzi hicho kimejengwa juu ya neno lenye maana ya kushika, na ndugu yake wa Kijerumani, "behalten", hadi leo maana yake ni kubaki na kitu. Kwa hiyo atazamaye kwa namna hiyo hakipitishii kitu jicho tu, bali hukishika kwa macho. Mtu aliyepanda mlima kupitia msitu wa Uporoto akatokea ukingoni mwa Ziwa Ngosi, maji yakiwa chini kabisa ndani ya kreta, hawezi kusema ameliona kama alivyoliona basi la Tukuyu.

Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 hulitumia neno hilo mara nyingi kama mwito, na wafasiri wetu walipoandika "Tazama", kwa maoni yangu walipatia. Visawe vingine vina uzito wake: kushuhudia hudai uwepo, kuangalia hubeba uangalizi, kukodoa macho kuna utovu wa adabu kidogo. Kisawe "kuchungulia" sikikubali hata kidogo, ingawa nimekutana nacho nikisahihisha daftari zaidi ya moja.

Nawaomba walimu wenzangu wasitoe alama zote kwa "ona" pale ambapo sentensi inadai "tazama".

Mwalimu wa lugha,
Uyole, Mbeya