Malalamiko: darubini, reli na mtutu wa bunduki ya kuwindia mlivyoniuzia, na neno nililotupiwa kaunta kwenu

Lubumbashi

Kwa Bwana Mkurugenzi,
Duka na karakana ya vifaa vya uwindaji

Bwana Mkurugenzi,

Nakuandikia kwa heshima, na naomba heshima hiyo initoshe mpaka mwisho wa karatasi. Nakala ya fakture nimeiambatanisha, pamoja na fomu ya maagizo ambayo fundi wenu aliijaza kwa mkono wake mbele yangu na kuigonga muhuri wa duka. Masharti ya kubadilisha kitu kisicholingana na maagizo mnayajua kuliko mimi. Yamechapwa nyuma ya fakture hiyohiyo.

Nianze na darubini. Niliagiza alama za msalaba ndani ya kioo ziwe za miliradiani, yaani kipimo cha pembe, na vizungusho vya nje vya kurekebisha shabaha viwe vya miliradiani vilevile, kliki moja, yaani hatua moja ya kizungusho, iwe sehemu ya kumi. Mtu anayepima kwa mita anaelewa kwa nini. Kwenye mita 100 miliradiani moja ni sentimita 10, kliki moja ni sentimita 1. Kwenye mita 600 kliki hiyohiyo ni sentimita 6. Ukiona risasi imetua chini kwa alama moja na nusu, unazungusha kliki 15, unapiga tena, basi. Mlichonipa kina miliradiani ndani na dakika za pembe (dakika 60 ni digrii moja) nje, robo dakika kwa kliki, yaani milimita 7 na kitu kwenye mita 100. Miliradiani moja ni dakika 3.44. Kwa hiyo mimi, nimelala kifudifudi kwenye nyasi za uwanda wa juu wa Biano, nitafute kalamu, nizidishe moja na nusu kwa 3.44, nizidishe tena kwa nne, nipate kliki 20 na kipande, na nikimaliza hesabu upepo umeshageuka. Najua darubini za mchanganyiko huo zilitengenezwa nyingi zamani na wapo wanaozipenda. Wauzieni hao.

Fomu inasema pia alama za msalaba zikue na kupungua pamoja na picha ninapobadilisha ukuzaji. Za hii hazibadiliki. Maana yake vipimo vyake ni vya kweli kwenye ukuzaji mmoja tu, na ukishusha ukuzaji kidogo ili uone uwanja mpana, alama zote zinakudanganya. Fundi wenu alijua. Ni yeye aliyenieleza tofauti hiyo siku ya kuagiza, tena alieleza vizuri, akanichorea.

Halafu nirudishe kitu hiki dukani, niulizwe ninataka kumpiga nani!

Bwana Mkurugenzi, sikupanga kulifikia jambo hili mapema hivi, lakini mkono umeandika wenyewe. Jumamosi asubuhi, duka limejaa. Nimeweka darubini juu ya kaunta ndani ya boksi lake, fakture pembeni, nimemsalimu kijana vizuri, nimemwambia: mwanangu, vipimo havilingani na nilivyoagiza. Hakuigusa fakture. Aliinua darubini, akachungulia mlangoni kuelekea barabara, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje: «Papa, darubini ya kuona mbali namna hii, kwani unataka kupiga nani?» Watu wakacheka. Mtu mmoja mwenye yunifomu, aliyekuwa upande wa visu, hakucheka. Aligeuka akanitazama kuanzia viatu.

Nitarudi hapo. Kwanza reli.

Reli, chuma kinachofungwa juu ya bunduki ili kubeba darubini, mmeiandika kwenye fakture kuwa ni ya mteremko wa dakika 20, na mmetoza bei ya dakika 20. Mimi ni ajistere mstaafu, fundi wa kupima na kuunganisha vyuma, wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, nimekula mkate wangu kwa kupima chuma. Reli ya urefu wa sentimita 15 ikiwa na mteremko wa dakika 20, upande wa nyuma lazima uwe juu kuliko wa mbele kwa karibu milimita 0.9. Niliipima ya kwenu kwa kipimo changu cha kazi: mbele na nyuma ni sawasawa. Ni reli bapa. Mteremko ule si urembo. Ndio unaoinamisha darubini kidogo ili kizungusho kibaki na nafasi ya kupanda ukienda mbali; bila huo kizungusho kinagonga mwisho wakati sahani ya chuma ya shabaha bado iko mbele sana. Kiligonga mwisho. Shemeji yangu, mwenye shamba huko juu, alikuwa amekaa nyuma yangu na darubini yake ya miguu mitatu akinisomea risasi zinapotua, na kila mara aliniambia: chini, chini bado.

Pete, zile zinazoshika darubini juu ya reli, sitaki hata kuziandika, ila lazima. Bomba la darubini ni la milimita 30. Pete ni za milimita 34. Na karakana yenu, badala ya kunipigia simu, ilikata kipande cha bomba la maji la plastiki, ikakipasua kwa msumeno, ikakivisha darubini kama gauni, kisha ikakaza skrubu kwa nguvu zote za bega. Skrubu za pete za namna ile zinataka karibu nyutoni-mita 2. Ufunguo wa kupimia nguvu upo, niliuona ukining'inia ukutani kwenu. Plastiki ikapata joto la jua, ikalegea. Darubini ikaanza kuteleza mbele kila nikipiga. Na nilipoifungua nilikuta mikwaruzo pande zote mbili za bomba. Mikwaruzo hiyo ndiyo jeranti wenu, msimamizi wa duka, aliyoitaja baadaye kuwa sababu ya kukataa garanti. Mikwaruzo ya fundi wake!

Mtutu nao. Calibre ni .308 Winchester, tumekubaliana. Niliagiza mifereji ya ndani inayozungusha risasi iwe na mzunguko mmoja kwa inchi 10 kwa sababu natumia risasi ndefu za greni 200, karibu gramu 13, na risasi ndefu inataka kuzungushwa haraka zaidi, la sivyo inayumba hewani. Nilipoona matundu kwenye karatasi yameinama badala ya kuwa duara, nilichukua fimbo ya kusafishia, nikafunga kitambaa cha kubana, nikaweka alama, nikaisukuma mpaka ikamaliza mzunguko mmoja. Sentimita 30 na nusu. Hiyo ni inchi 12. Inchi 10 ingekuwa sentimita 25 na kidogo. Kazi hiyo haihitaji mashine. Hata fundi wenu angeweza kuifanya kabla ya kufunga mtutu, kama angetaka.

Kwa hiyo mtutu si wenyewe, reli si yenyewe, darubini si yenyewe, pete si zenyewe. Kitako peke yake ndicho kilicholingana na fomu, kwa sababu nilikuja nacho kutoka nyumbani.

Sasa narudi kaunta.

Kuna jambo sikuliandika pale juu. Baada ya kicheko nilimjibu kijana kwa upole: nina kibali cha kumiliki, nina kibali cha kuwinda, nakala zote mlizichukua ninyi kabla ya kupokea hata dola moja, kama Ordonansi-Sheria namba 85-035 ya Septemba 3, 1985 inavyowataka. Ziko kwenye dosie yenu, nyuma yako, kabati lile. Yeye akasema: «Papa, hatujui watu wote wanaopita hapa.» Akamwita sentineli, mlinzi wa duka. Akaniambia nifungue begi langu juu ya kaunta, mbele ya watu wote, na sentineli akatoa kimoja kimoja: kitambaa, mafuta, miwani yangu, dawa zangu za presha. Mama mmoja ninayesali naye parokia moja alikuwa pale ananunua tochi. Alinitazama, kisha akatazama chini. Jeranti alikuwa kwenye kiti chake akihesabu pesa. Aliinua macho, akaona, akaendelea kuhesabu. Na yule wa yunifomu akaniuliza, kwa utulivu sana, ninakaa komini gani.

Bwana Mkurugenzi, mnaishi nchi gani ninyi? Goma na Bukavu ziliingia mikononi mwa waasi wa M23 mwanzoni mwa 2025. Mji huu wenyewe uliona wapiganaji wa Bakata Katanga wakiingia katikati yake Machi 2013. Katika nchi kama hii, kumuuliza mtu anayemiliki bunduki kwa halali, hadharani, «unataka kupiga nani», si mzaha wa dukani. Ni kumwonyesha mtu kwa kidole mbele ya askari. Neno kama hilo linaweza kulala kwenye buro fulani usiku huo na kukugongea mlango kesho yake. Na mwenye kulisema ni kampuni iliyoniuzia kitu chenyewe, iliyonishauri ukuzaji mkubwa zaidi ya niliotaka kwa sababu bei yake ilikuwa kubwa zaidi!

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuomba jambo dogo: mbadilishe mtutu, reli, pete na darubini kulingana na fomu, mfunge upya kwa gharama yenu. Nimebadili nia. Karakana iliyovisha darubini bomba la maji haitagusa tena bunduki yangu. Nataka pesa zangu zote zilizo kwenye fakture, pamoja na gharama ya kufungia, kwa dola kama nilivyolipa, si kwa bidhaa nyingine wala kwa karatasi ya kununulia baadaye. Mtachukua vitu vyenu, nami nitatafuta mtu mwingine wa kunifungia.

Pili, nataka barua ya kuomba radhi yenye sahihi yako wewe, si ya jeranti, inayosema wazi kwamba nyaraka zangu zilikuwa kwenye dosie yenu, ni halali, na mlizijua. Barua hiyo isomwe kwenye kaunta ileile, Jumamosi asubuhi, duka likiwa wazi, na kijana yule akiwepo. Kisha ibandikwe ukutani kwa mwezi mzima. Nimetajwa kwa sauti, sitasafishwa kwa kunong'onezwa simuni.

Wakili wangu anataka tuanze na mahakama moja kwa moja. Mimi ndiye niliyemwambia angoje. Amenisomea kifungu cha 74 cha Kanuni ya Adhabu, juu ya kumbebesha mtu hadharani jambo la kumharibia heshima, na cha 75 juu ya matusi ya hadharani. Kwa hasara mtu aliyomsababishia mwenzake kuna kifungu cha 258 cha Kanuni ya Madeni, na Mahakama ya Biashara ya Lubumbashi haiko mbali na mlango wenu. Reli nimeihifadhi. Kipande cha bomba la plastiki nacho nimekihifadhi, kimefungwa ndani ya bahasha, na tarehe na sahihi ya shemeji aliyekiona kikitolewa.

Nawapa mpaka mwisho wa mwezi huu. Msinipigie simu. Jibuni kwa maandishi, na mtu atakayeleta jibu asiwe sentineli.

Kwa heshima iliyobaki,

Mteja wenu mwenye fakture iliyoambatanishwa,
komini ya Katuba

Nakala kwa:
Wakili wangu
Divisheni ya Mkoa ya Uchumi, Haut-Katanga