Barua ya wazi kwa Ken Martin, mwenyekiti wa Democrats: Walatino mmewachukulia poa

Mheshimiwa mwenyekiti, salaam.

Mimi ni mpiga kura wa hapa Houston, Texas, mzaliwa wa Tanga, uraia nimeupatia huku huku na chama chako ndo ninachokipigia. Naandika kwa Kiswahili makusudi kwa sababu Waswahili tunaopiga kura Marekani tupo, kuanzia huku Texas mpaka kwenu Minnesota, na haya ya Walatino, yaani Wamarekani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, kukihama chama tunayafuatilia kwa karibu sana maana tukikaa kimya zamu inayofuata ni yetu.

Nianze na Starr County maana pale ndo pananiuma. Kaunti iko mpakani kabisa na Mexico, makao yake Rio Grande City, karibu watu wote ni Walatino, na toka 1892 ilikuwa haijampa ushindi mgombea urais wa Republican hata mmoja. Mwaka 2016 Hillary Clinton alizoa pale asilimia 79. Imepita miaka minane tu, 2024 Trump kaibeba kwa karibu asilimia 58, na majirani zake Hidalgo na Cameron nao wakaenda huko huko. Watu hawahami hivyo kwa usiku mmoja mheshimiwa, walikuwa wanaondoka kidogo kidogo na nyie huko Washington bado mnawahesabu wapo.

Kazini kwetu kuna jamaa wa kutoka huko huko mpakani, bonde la mto Rio Grande, fundi wa kuchomelea, babu yake mwenyewe kazaliwa Texas. Oktoba 2024 mama yake alimtumia picha ya kipeperushi cha kampeni alichokikuta mlangoni, Kihispania kitupu, habari za wahamiaji mwanzo mwisho. Akanionyesha kwenye simu tukiwa tunakula mchana, akasema mimi Kihispania cha kusoma chenyewe kinanipiga chenga, kwetu hakuna mtu anayesubiri makaratasi, nusu ya ndugu zangu wako Border Patrol, askari wa mpakani, na kwenye visima vya mafuta, mimi nataka kuambiwa dizeli na kodi ya nyumba vinashuka lini. Nikamuuliza mzee wako je, akasema mzee alikuwa Democrat wa kufa na kuzikana, ila mwaka ule hakwenda kupiga kura kabisa. Hilo la mzee ndo limenikaa kichwani, maana aliyehamia kwa Trump mtamuona kwenye matokeo, aliyebaki nyumbani hamumuoni popote.

Na bei zilipanda kweli, Juni 2022 mfumuko ulifika asilimia 9.1, haikuwahi kutokea hivyo kwa miaka arobaini, na serikali ilikuwa yenu. Mtu anayelipwa kwa saa anaambiwa uchumi uko vizuri, atakuaminije? Pew, taasisi ya utafiti, walipokuja kuangalia kura za Walatino nchi nzima, Biden alikuwa na 61 kwa 36 mwaka 2020, Kamala Harris akaambulia 51 kwa 48.

Nadhani mlilala usingizi toka California ya 1994, pale gavana Pete Wilson alipoipigia debe Proposition 187, kura ya maoni ya kuwanyima shule na matibabu wahamiaji wasio na makaratasi, Walatino wakakasirika wakajiandikisha kwa wingi wakawaletea nyie jimbo zima. Toka hapo mkaona wenzenu wakiwatukana tu nyie mnavuna. 27 Oktoba 2024 mchekeshaji kapanda jukwaani kwa Trump, Madison Square Garden, kaiita Puerto Rico kisiwa cha takataka, mkashangilia kwamba uchaguzi umeisha, na bado Reading na Allentown kule Pennsylvania, miji yenye Wapuerto Rico wengi, Trump aliongeza kura. Mtu kutukanwa na jirani yako hakumfanyi akuamini wewe.

Tena hawa watu sio kitu kimoja. Mcuba wa Miami akisikia ujamaa anakimbia, Mpuerto Rico ni raia toka 1917 hana shida ya viza, Mtexas wa mpakani ana yake. Mnawaandikia wote karatasi moja.

Najua utaniambia mambo yamegeuka. Ni kweli, Novemba 2025 Mikie Sherrill, mgombea wenu wa ugavana, kairudisha Passaic County yenye Walatino wengi kule New Jersey ambayo Trump alikuwa kaichukua mwaka mmoja tu nyuma, na baada ya yale makamatakamata ya wahamiaji ya Los Angeles watu wengi wana hasira na hofu. Ila mkianza kuyafurahia hayo mimi naogopa. Hao wamerudi kwa sababu ya Trump, na watu wa Republican huku Texas wamechora ramani mpya ya majimbo ya bunge wakipigia hesabu kwamba Walatino wa kusini watabaki kwao.

Sisi tuliotoka Afrika Mashariki mgombea anayetokea na kanga na kofia wiki tatu kabla ya kura tunamjua vizuri, akishapita hata simu hapokei. Kwa hiyo ombi langu ni moja. Fungueni ofisi bonde zima la Rio Grande sasa hivi, kabla ya kura za Novemba 2026, muajiri watu wa pale pale wanaojua mshahara wa fundi na bei ya dizeli, na mikataba yao ipite Novemba ifike 2027 na 2028. Na utujibu hadharani, kwa lugha yoyote, bajeti ya hiyo kazi ni shilingi ngapi na nani anaisimamia.

Mpiga kura, Houston