Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayeolewa Desemba

Mpwa wangu,

Picha ulizonitumia nimeziangalia zote, hata ile ya meza iliyoandaliwa katikati ya shamba la mizabibu. Ni nzuri, sikatai. Ila karibu zote zimepigwa Ulaya wakati wa kiangazi chao, na wewe unaolewa Nairobi, Jumamosi ya Desemba, halafu sherehe iko kwenye bustani mtaani Karen. Nakuandikia hadharani kwa sababu mwezi huo mabibi harusi mko wengi, na kamati zote mjini zinaulizana maswali yale yale: maua gani, viti gani, pazia la nyuma rangi gani. Sijasikia kamati hata moja ikiuliza jua litakuwa upande gani.

Basi tuanze na jua. Huko kwao mwezi wa Juni hushuka kwa mshazari, taratibu, na ule mwanga wa dhahabu unaokaa kwenye nywele za bibi harusi hawaukimbilii. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, na jua letu likianza kushuka linashuka kweli. Desemba linazama kama saa kumi na mbili na nusu jioni. Mwanga mzuri wa picha utauona kuanzia saa kumi na moja na nusu hivi, na likishazama, baada ya dakika 20 au 25 mnawasha taa.

Sasa tazama ratiba yako: ibada saa nne, picha za maharusi saa saba, chakula saa nane. Saa saba ni jua la utosi! Macho yanageuka mashimo, pua inaangusha kivuli juu ya mdomo, paji la uso linang'aa jasho. Na gauni jeupe litamtesa mpiga picha. Akiliokoa gauni, nyuso zenu zinazama gizani. Akiziokoa nyuso, lesi yote uliyoilipia inapotea. Sisi wenye ngozi nyeusi ndio huumia zaidi na mwanga wa namna hiyo, halafu tunaambiwa kamera ilikuwa mbovu.

Hiyo saa saba wape familia: picha za pamoja, upesi, chini ya kivuli cha jengo la kanisa, kila mtu ndani ya kivuli, asiwepo mjomba aliyemulikwa nusu uso. Picha zenu wawili ziwekwe kuanzia saa kumi na moja na nusu, humo humo bustanini. Mkianza kusaka mandhari nyingine Jumamosi alasiri, mwanga wenu utaishia kwenye foleni ya Ngong Road. Ukisisitiza msitu wa Karura, basi iwe siku nyingine, na chupa za maji za plastiki mziache nyumbani. Tangu Juni 2020 haziruhusiwi kwenye maeneo ya hifadhi. Na ule mjakaranda uliotaka kusimama chini yake huchanua zaidi Oktoba na Novemba. Siku yako utakuwa majani matupu.

Sasa tenti. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo pesa nyingi za mapambo hupotea. Mchana tenti ndiyo taa yenu. Kitambaa cheupe hupitisha mwanga na kuutawanya, ukamfikia kila mtu kwa upole. Kitambaa cha zambarau nacho hupitisha zambarau. Najua mama mkwe ameipenda ile yenye mikunjo ya zambarau na dhahabu, lakini kila uso chini yake utatoka na rangi hiyo, na mtu wa kusafisha picha atahangaika na ngozi za wageni wote hadi Pasaka. Rangi za harusi ziweke kwenye utepe wa viti, vitambaa vya mezani, tai za wanaume. Juu ya vichwa vya watu ibaki nyeupe au krimu. Chini vilevile: zulia la nyasi bandia, jua likilipiga, hurusha kijani kwenye videvu.

Meza kuu wapambaji wengi huiweka mgongo ukielekea bustani iliyo wazi, ati bustani ionekane. Ukikaa hapo, nyuma yako kunawaka na usoni ni giza. Igeuze. Nyuma yenu pafungwe kwa pazia zito lisilong'aa, na upande mnaoutazama ndio uachwe wazi, mwanga uwaingie usoni. Pazia la vimetameta likatae, maana flashi ikipigwa hurudi ilikotoka. Kisha kabla ya kulipa chochote, nenda bustanini na dada yako saa tisa mchana, mkalishe pale meza itakapokuwa, umpige picha kwa simu tu. Utaona yote, pamoja na nguzo inayoota kichwani mwake.

Vitambaa vya wapambe mnavifuata Eastleigh, sawa, lakini msiamini taa za dukani. Omba utoke nacho mlangoni ukione kwenye mwanga wa nje. Satini inang'aa kila inapojikunja na kuonyesha kila jasho. Kitenge chenye vinukta vidogo au mistari myembamba iliyosongamana hucheza kwenye kamera, kinatoa mawimbi ambayo kwenye nguo hayapo. Chukua chenye maua makubwa.

Waridi tutatoa City Market, pale Muindi Mbingu Street. Usiniambie yaje asubuhi ya harusi. Yakija yamefumba, kwenye picha ni vidoti. Tuyanunue Alhamisi, tuyakate vikonyo, tuyaweke majini yafunguke. Mekundu sana yaache, jioni huonekana meusi. Rangi ya pichi na krimu hubaki hai. Na vyombo vya katikati ya meza viwe vifupi chini ya kidevu au virefu kupita vichwa. Vya kati hukata watu nyuso.

Kitu kinachoniudhi kuliko vyote hakigharimu hata shilingi kukiondoa: chupa za soda na maji zilizopangwa meza kuu, lebo zikitazama kamera. Maua ya maelfu, halafu mbele yake tangazo la bure. Maji yamiminwe kwenye jagi. Kama mvua za vuli hazijaisha, nunueni miavuli myeupe michache, la sivyo mtapigwa picha chini ya mwavuli wa benki.

DJ aambiwe mapema kwamba taa za kijani na buluu zimulike sakafu, zisimulike nyuso. Usoni tuwekewe balbu za njano za kamba, rangi moja. Mwenye droni akuonyeshe kibali cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kabla hujamlipa. Uwanja wa ndege wa Wilson hauko mbali na Karen, na hilo si jambo la kuulizana siku ya harusi.

Kuhusu baba yako, niachie mimi. Amepanga kuhutubu baada ya keki, yaani saa kumi na moja kamili, na kaka yangu hajawahi kumaliza hadithi kabla ya giza kuingia. Nitaongea na mshereheshaji amweke kabla ya chakula, watu wakiwa na njaa na sufuria zikinukia. Wewe nitumie mchoro wa bustani pamoja na namba ya mwenye tenti, kabla mama mkwe hajalipa ile ya zambarau.

Shangazi yako