Shukrani kwa dada wa koti la kijani

Dada yangu, tulikutana kwenye ukumbi wa maigizo wa Criterion, London, kwenye ule mchezo wa utani na karaoke uliotokana na Pride and Prejudice, riwaya ya Jane Austen ya 1813. Ukumbi uko chini ya ardhi, na magoti ya mama ni mabovu. Ulimshika mkono ngazi kwa ngazi, ukampisha kiti chako cha pembeni anyooshe mguu. Kumbe mtu wa Mombasa! Kabla taa hazijazimwa ukamnong'oneza kwa Kiswahili kuwa wanawake watano ndio wanaoigiza wahusika wote, wanaume wakiwemo, na Mzee Bennet, baba wa familia, ni kiti tu. Bila hilo angepotea. Wenye viti vya pembeni, wapisheni wazee. Mama anakusalimu, Darcy, yule bwana mwenye majivuno wa kwenye mchezo, bado hajamsamehe.